Zoezi, Jumamosi ya Pili ya Novemba

Mafua makubwa hayajafika Dundee.
Yamefika ya kawaida, ya makamasi na kikohozi cha shule;
hayo tunayajua, tunayapa tangawizi yanakwenda zake.
Tunayojiandalia ni yale mengine,
yasiyo na jina bado,
ambayo huenda yamo kifuani mwa bata bukini fulani
anayeruka sasa hivi juu ya mto Tay
bila hatia.

Jengo letu lina ghorofa kumi na tano, milango themanini na nane.
Nimeigonga yote. Daftari ninalo.
Nani ana pumu. Nani ana ufunguo wa nani.
Nani anaweza kupika chungu cha watu kumi,
na nani, akifungiwa ndani siku saba,
atabaki na biskuti na paka.
Bwana Tosh wa ghorofa ya tatu hakutoa mnyororo mlangoni:
"Mama, nimeshazika mke. Mafua yanitishe nini?"
Nikaandika: Tosh. Peke yake. Supu ya dengu.
Harufu ilinifikia kwenye ule upenyo.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Walimaanisha vijinga vya kuni, najua.
Mimi huku baridini nimeisikia vingine:
kinga ya mtu mmoja
hufuka moshi, ikazimika.

Basi tukakubaliana vitambaa.
Nilikata shuka la kijani, Senait akachana pazia jekundu,
kila mlango ukapata viwili:
kijani dirishani, tuko salama;
chekundu, njooni.
Barakoa ndani ya debe la rangi chini ya ngazi,
sabuni, na vipimajoto kumi na viwili
vilivyonunuliwa kwa sadaka ya kanisa la pembeni.

Saa nne asubuhi tulisimama kwenye maegesho,
upepo ukitupekua makoti.
Nikapuliza filimbi.
Dirisha moja, kisha matano, kisha ishirini,
kijani, kijani,
jengo lile la zege likachipua majani
kana kwamba si Novemba.
Watoto wa Wojciech wakapiga makofi.

Halafu ghorofa ya kumi na tatu, upande wa mtoni:
chekundu.

"Amekosea," alisema mmoja. "Ni Bibi Lamont, macho yamechoka."
"Ni zoezi tu," alisema mwingine, akiwasha sigara.
Tukangoja akibadilishe.
Tukangoja tena.
Lifti imekwama, kama desturi yake.
Mwishowe nikapanda kwa miguu,
na nyuma yangu, sikumwita, Bwana Tosh
akihesabu vidato kwa matusi.

Mlango ulikuwa wazi.
Effie Lamont ameketi, koti limefungwa vifungo vyote,
birika linachemka, vikombe sita mezani.
Hana homa. Hajaanguka.
"Nilitaka kujua," alisema, "kama mtakuja."

Tosh akavua kofia, akakaa bila kukaribishwa.
Vikombe vinne vikabaki vimefunua midomo.
Nikafungua daftari, nikatazama saa yangu ya mkononi:
dakika kumi na tisa.
Nikaiandika kwa wino, nikapigia mstari,
na pembeni, chai ikimiminwa, nikaongeza:
nyingi mno.