Volti Mia na Sitini

Ampli ilinijia ndani ya gunia la unga,
mgongoni mwa Kapend, mpiga gita wa kwaya.
Akasema: Fundi, inaongea kama mkebe.
Nikaichomeka. Kweli, mkebe,
tena wenye misumari ndani.

Nilianza na lampi,
zile za kioo, nene kama kidole gumba,
nilizozing'oa kwenye redio ya marehemu baba mkwe,
redio iliyosoma vifo na mechi mpaka ikakauka koo.
Ya kwanza ilikuwa na sauti ya mtu aliyeziba pua.
Ya pili nikaigonga kwa kalamu ya risasi, ikalia ngiii,
kama mtoto aliyeguswa penye jipu.
Ya tatu ilikuwa tamu dakika nne,
kisha ikavaa wingu jeupe ndani ya kioo:
hewa imeingia, na hiyo haina dawa.
Ya nne na ya tano nikazipanga pamoja,
pacha wasio wa mama mmoja,
na Kapend akainua nyusi.
Nyusi za mpiga gita ndizo mita yangu ya kwanza.

Spika yake ilikuwa imepasuka tangu Pasaka.
Nikaibandika karatasi ya daftari la binti yangu,
la hesabu, lenye miraba, kwa gundi ya fundi viatu;
nyuzi nyembamba zikapata kikohozi.
Nikajaribu ya sinema iliyofungwa, pana kama sinia:
besi tupu, maneno yote yameanguka shimoni.
Nikajaribu ya gari. Usiniulize.
Mwisho ile ya inchi kumi, yenye sumaku nzito,
niliyobadilishana na mzee Nawej, muuza vyuma,
kwa buti zangu za mvua.
Ikaongea vizuri. Vizuri tu,
kama salamu ya mtu mwenye deni lako.

Transfoma nikaisuka upya kwa mkono,
shaba labda ya hapa hapa Lubumbashi,
iliyosafiri ikarudi na jina la kigeni.
Mizunguko elfu tatu, nahesabu kwa sauti;
mke wangu akaniuliza bei ya mafuta,
nikamjibu: elfu moja mia nane na saba.

Alhamisi, saa moja jioni,
Kapend anapiga bila nia, kama anayejikuna mkono,
na ile sauti ikatoka.
Noti ilianza kwa kuinama,
ikashika pumzi, ikachanua,
sauti ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.
Tukatazamana. Hakuna nilichogusa.
Nikachungulia mita: mia mbili na ishirini yetu
imeshuka, mia na sitini.
Nje, Katuba nzima imewasha resho,
maji ya bukari yanavuta umeme kila nyumba,
na lampi zangu, kwa njaa, zimelainika.

Wiki tatu natafuta ndani ya boksi
kitu kilichokuwa sufuriani kwa jirani.

Jumapili ya sherehe, parokia ikakodi jenereta,
mpya, volti zake zote kamili.
Mkebe ukarudi, na misumari yake.
Kapend akaniangalia kutoka jukwaani kama mtu anayezama.
Nikakimbia nyuma ya kanisa, kwa Mama Ntumba,
nikamwomba aache makala yake,
nikaazima resho tatu za masista
nikazichomeka zote kwenye waya wa jukwaa.
Jenereta ikaguna.
Taa zikafifia, rangi ya asali.

Watu walisema kijana ana kipaji. Anacho.
Padri alisema ni Roho. Sibishani na padri.
Mimi nilikuwa nyuma, mwiko mkononi,
nakoroga maharage ya watu mia mbili,
naongeza maji, naongeza tena,
maana yakiiva Mama Ntumba atazima,
na wimbo bado una beti mbili.