Ukurasa wa Arobaini

Filamu tisa za kutisha, mimi na Mihayo,
chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, Isevya.
Yeye aliua. Mimi nilifufua.
Malipo tuligawana pasu kwa pasu;
lawama, mama yake alinipa zote.

Leo Mihayo anauza asali ya nyuki wadogo, Kiloleni.
Mizimu kaniachia mimi.

Ukurasa wa arobaini
mwanamke kasimama mlangoni, panga juu,
tangu Machi.
Sijui kumshusha mkono.
Kuua hakukuwa kazi yangu.

Juzi nikapita dukani kwake, kama mteja tu.
Akapima lita, akakaza kifuniko,
akafuta chupa kwa kitambaa,
kisha, bila kuniangalia:
“Umeme ukatike kwanza.”

Nikalipa. Chenji sikungoja.