Kitambaa cha Altare

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, natia makaa
kwenye pasi ya mume wangu.
Ni yake: ile yenye jogoo mbele,
aliyoinunua kwa malipo ya likizo
enzi shamba la mkonge likilipa likizo.
Kitambaa ni cha Mungu.
Mikono ndiyo yangu, na harufu ya mkonge haijatoka,
ingawa huu mwaka wa saba sijashika singa.

Hosea Semkiwa, namba ya kazi 2217,
alisimama kwenye korona miaka thelathini na moja,
akafa Jumanne, katikati ya kikohozi.
Mafao yake yako njiani.
Ndivyo asemavyo karani wa dirisha la tatu:
"Yako njiani, mama. Rudi baada ya wiki mbili."
Nimerudi. Baiskeli imekula minyororo miwili
kutoka Ngamiani hadi ofisini,
na karani wa kwanza amekwisha kustaafu;
naye sasa, nasikia, anasubiri mafao.

Basi usinishangae, Bwana,
kama siku hizi nakuchanganya na wa dirishani.
Nawe nimekuandikia. Nimeambatisha vyote:
cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa,
machozi, nakala tatu, yamegongwa muhuri.
Hujasema hapana.
Hujasema ndiyo.
Dirisha lako liko ghorofa ya ngapi?
Nani anashika faili langu huko
malaika wakienda kunywa chai?

Padre Mntambo huhubiri kwamba subira huvuta heri.
Sikatai. Ila mimi nimesokota kamba, Padre,
najua kamba huvuta nini na hukatika wapi.
Haikatiki pale unapopatilia shaka.
Hukatika kwenye fundo,
pale ulipopaamini.

Wiki iliyopita ndipo nilipokiunguza.
Nilikuwa napiga pasi huku nagombana nawe,
mdomo kimya, moyo ukinguruma kama korona,
mkono ukasimama mahali pamoja mno.
Nilipoinua, alama ilikuwa pale,
ya kahawia, yenye ncha,
katikati kabisa ya weupe
walioutunza wanawake wanne kabla yangu.
Sitasema nilisikitika.
Nilitazama, nikasema kwa sauti:
Sasa tuko sawa. Nawe una kovu.

Nikakipeleka hivyo hivyo, kimekunjwa,
nikangoja kufukuzwa.
Anayefukuzwa, angalau, amejibiwa.
Padre alikitandaza, akavaa miwani, akaivua.
Kisha akachukua kikombe, akakiweka juu ya alama.
Ncha tu ikabaki nje.
"Siku zote hukaa hapa," alisema.
"Sasa hata gizani nitapajua."
Akaenda kutafuta kiberiti cha mishumaa.

Jumapili nilipiga magoti safu ya nyuma.
Sikusikia sauti. Nisidanganye:
hata ule moto wa kifuani
wanaousimulia kina mama wa Jumatano, sikuupata.
Na kutoka nyuma juu ya altare hapaonekani.
Lakini kikombe kilipoinuliwa
nilijua kuwa chini yake, kwa muda wa pumzi moja,
alama yangu iko wazi mbele yako,
na kwamba kikombe, kikishuka, kitashukia palepale.

Jumatatu nikaenda dirishani. Yako njiani.
Nikamuuliza karani jina lake, kwa mara ya kwanza.
Anaitwa Saumu.
Kiti chake kina miguu mitatu na tofali.

Leo ni Jumamosi tena. Makaa yameshika.
Sijui kama unanisikia.
Najua kitambaa hakijanyooka
na kesho kuna misa.
Napuliza majivu. Naizunguka ile alama
kwa ncha ya pasi, polepole,
kama mtu anayepita
karibu na aliyelala.