Moja kwa Hamsini

Mlima ni jiwe la Rungwe lenyewe,
lile jepesi linaloelea kwenye ndoo;
nimelikata kwa msumeno wa chuma, nikalipaka udongo.
Mashamba ya chai ni chai,
makapi ya birika la asubuhi, yamekaushwa juu ya gazeti,
yakanyunyizwa kwenye gundi mstari kwa mstari.
Ukungu ni pamba. Nimeichambua
mpaka ikabaki kama pumzi.

Mimi ni fundi saa, Tukuyu, chumba cha nyuma ya duka la mbolea.
Saa siku hizi watu wanazitazama kwenye simu.
Nina kibano, nina lenzi ya jichoni, nina mikono isiyo na kazi,
na mvua ya huku, unaijua, haijui kuaga.

Basi nimeijenga ile kona.
Moja kwa hamsini: sentimita mbili za mezani
ni mita moja ya barabarani.
Lori limekwisha kupoteza breki, ila halijafika.
Nimeliinamisha kidogo; tairi la mbele, la kushoto, limeiacha lami
kwa unene wa karatasi ya sigara, si zaidi,
maana hofu ukiizidisha inakuwa mchezo wa watoto.
Ndizi za wachuuzi ni punje za mchele, nimezipaka kijani.
Mbwa mmoja ameshatazama juu.
Wengine wote bado wana asubuhi yao.

Na Ambakisye katikati ya barabara,
shati la bluu, chupa ya mafuta ya taa mkononi,
uso ameuelekeza ng'ambo.
Ndivyo walivyosimulia waliomwona,
nami sikuuliza alikuwa akitazama nini.

Mjane wake alikuja Alhamisi.
Subilaga. Alikung'uta mwavuli mlangoni.
Nilidhani atalia, nilikuwa nimeandaa kiti.
Hakukaa. Aliinama mpaka pumzi yake ikatikisa ukungu,
akawahesabu watu kwa kidole bila kuwagusa,
akarudia kuwahesabu.
"Mimi niko wapi?"

Nikasema, mama, nilikuacha nje kwa heshima.
"Heshima gani? Nilikuwepo."
Akaonyesha penye mtaro, karibu na nguzo ya umeme,
pale nilipopachika mgomba kuziba uwazi.
"Hapa. Yeye alikuwa upande ule, dukani, anasubiri chenji.
Nikamwita.
Nikamwambia njoo, mvua inakuja."

Mwaka mzima mji umezihukumu breki,
umemhukumu dereva, mwenye lori, mkandarasi,
na wapo waliosema mengine, ya usiku,
wakataja hadi jina la jirani.
Hakuna aliyeulizia sauti.

Nilimchonga usiku uleule:
kijiti cha kiberiti, nta, nyuzi mbili za kitenge.
Kesho yake nikamuuliza, uliinua mkono gani?
Hakujua.
Akasimama katikati ya duka langu,
akainua wa kushoto, kikapu kikamzuia,
akainua wa kulia. "Huu," akasema,
lakini mkono haukushuka,
na saa zangu za ukutani, zile tatu zinazotembea,
zikaendelea kubishana kuhusu dakika.

Nikang'oa mgomba. Nikamsimamisha mahali pake.
Sasa Ambakisye anamtazama mtu.

"Na mdomo?"
Mama, kwa kipimo hiki mdomo hauonekani.
Hata kwa lenzi ungedhani ni vumbi.
"Uwe wazi," akasema.
"Mimi nitajua."

Nikachukua sindano nyembamba kuliko zote,
ile ya kutilia mafuta saa za kike,
nikabana pumzi,
nikatoboa.