Mlango wa Thelatashara

Mzee Salawi alinishika bega kabla sijakoroga rangi.
"Kumi na mbili, halafu kumi na nne. Umenielewa, Sizya?
Wageni wa Dar hawalali humo."
Yenyewe hakuitaja. Alipunga mkono tu
kama anayefukuza nzi kwenye uji.

Milango kumi na tisa ya mninga, hapa Tabora,
honi ya treni ikiita unaisikia kifuani,
na mimi na vibati vyangu vya namba,
najiuliza mkosi huu ulishuka na behewa lipi.
Maana sisi tuna bundi, tuna kinyonga,
tuna kufagia usiku,
mikosi ya kututosha na ya kuwaazima jirani.
Huu ni wa nani?

Bibi Milembe wa Kachoma huuza vitumbua kwa dazeni.
Huhesabu kwa sauti, vidole vinang'aa mafuta,
akifika kumi na viwili hunyamaza,
hukutazama usoni,
kisha hutia kimoja tena, hakihesabu.
"Kumi na viwili ni biashara," husema.
"Hicho ni ujirani."
Nimekua nikila ujirani huo ukiwa bado wa moto.

Na chuoni, Maalimu Zuberi
alituhesabisha kizamani: edashara, thenashara,
thelatashara,
neno refu kama treni ya mizigo ikikata kona.
Kapama alilikosea siku tatu mfululizo,
likawa jina lake.
Leo ana duka la baiskeli pale Ng'ambo,
mke, watoto, madeni ya watu kwenye daftari,
na ukimwita Thelatashara bado anaitika.
Mama naye alikuwa akiisubiri tarehe hiyo ya mwezi mwandamo:
ya kwanza katika zile siku nyeupe tatu,
anafunga, anaanika kunde, hana habari na mkosi.

Tena kuna hili, nalo hulisemi ukaeleweka
ila kwa lugha hii:
kalenda ya ukutani ina miezi kumi na miwili,
lakini ile inayopita juu ya bati langu
mwaka jana niliihesabu, nikitia mkaa ukutani,
ikafika kumi na mitatu.
Sisi tunaoitwa kwa jina la mwezi,
huo mmoja tumlaze wapi?

Halafu namba yenyewe ina adabu.
Kumi amekaa tu, habadiliki, bwana mkubwa.
Tatu ndiye anayevaa nguo za mwenyeji:
watu kumi na watatu,
mayai kumi na matatu,
vitumbua kumi na vitatu.
Anabisha hodi kila nyumba kwa lafudhi yao.
Mgeni wa namna hiyo unamnyima chumba?

Jioni mlango wa mwisho ulisoma ishirini.
"Nilipe ishirini," nikasema.
Akaenda, akahesabu kwa kidole, akarudi na kumi na tisa.
"Nikulipe mlango usiokuwepo?"
"Ni wewe uliyeukimbia, mzee.
Mimi nimeshinda nao kutwa."
Alicheka hadi akakohoa.
Akanipa hela ya kumi na tisa
na soda ya baridi juu yake.
Nyongeza. Sikumtajia namba yake.

Kibati ambacho hakikutumika nilirudi nacho Isevya,
rangi kidogo chini ya kopo,
na chumba changu cha kupanga, kimoja,
mlango wake haukuwahi kuwa na namba.
Sasa unayo.

Karani wa sensa alipofika alisimama,
akatazama kushoto, akatazama kulia:
ukuta, mkungu wa jirani, kuku.
"Na vile vingine kumi na viwili?"

Nikamwambia aendelee kutafuta.