Kina Hasi Moja

Kabla ya kubeba kipimasumaku, vua.
Ndiyo sheria ya kwanza niliyomsomea Mbwarali Kupi
pale Siyu, saa kumi na mbili na robo,
umande ungali juu ya makuti:
vua saa, vua mshipi, toa simu, toa sarafu,
wembe, pini, kopo la ugoro.
Mimi mwenyewe nilivua vikuku vya fedha,
ingawa fedha haijuani na sumaku.
Sheria haiulizi.

Akatembea. Mistari arubaini,
kwenda kaskazini, kurudi kusini,
toka ukuta wa ngome hadi mikoko,
mlingoti begani
kama mtu aliyepewa bendera ya nchi isiyokuwepo.
Kamati ya maji ilitaka neno moja tu: wapi?
Visima vitatu vimekwisha kuingia chumvi.

Nimerudi Amu, chumba changu Langoni,
juu ya duka la vipuri vya mashine za boti,
nikafungua programu.
Kazi ya programu ni kutoa.
Toa kupanda na kushuka kwa jua,
toa dunia nzima na ncha zake mbili;
na kwenye vipimo vya uvutano toa mwezi,
maana mwezi uvutao maji mkondoni Shela
huivuta na springi ndani ya kipimo.
Toa bahari. Toa kichuguu ulichosimamia.
Kilichosalia twakiita baki,
na riziki yangu yote i humo.

Baki yangu ilikuwa kikoi.
Wallahi, kikoi: mstari mwekundu, mstari buluu,
mwekundu, buluu, kijiji kizima.
Nikaiambia: nipe umbo.
Feni ikalia. Marudio mia mbili.
Ikanichorea boriti za chuma, arubaini,
zimelala sambamba chini ya Siyu
kana kwamba sote twaishi ghorofani
na wenye nyumba wako chini.

Na hesabu zikakaa!
Hapo ndipo programu hunitisha.
Haisemi uongo; hukubali chochote kitoshacho.
Jiwe dogo karibu, jiwe kubwa mbali,
mkunjo ni ule ule.
Mpe fundi vipimo vya kibiongo,
atashona kanzu ya kibiongo, nayo itamkaa.

Nikafuta boriti. Nikauliza upya:
kama ni kitu kimoja tu, kiko wapi?
Ikajibu: chuma, gramu mia mbili na ushei.
Kina: hasi moja.
Hasi. Yaani juu ya ardhi,
kimo cha kiuno cha mwanamume,
na kinatembea.

Nikampigia. Kwanza nilisikia redio ya jirani yake.
"Somoe," akasema, "nimeushona kwenye pindo.
Ufunguo wa nyumba ya mama."
Ile iliyoanguka?
"Ile. Mlango nalimuuzia mgeni wa Shela,
kitasa kikenda nao.
Ufunguo hakuuliza."

Njia safi ni kumrudisha, mistari yote, bila ufunguo.
Lakini mafuta ya boti yalikuwa yamekwisha,
na wafadhili vilevile.
Nikakaa, nikaandika sahihisho jipya,
mistari kumi na mmoja ya msimbo:
mtembezi aelekea wapi, nyonga yake iko umbali gani,
chuma kina nguvu gani.
Sahihisho lazima liwe na jina. Nikaliita nyumba.
Kisha nikaamuru: toa nyumba.

Kikoi kikafifia. Kaskazini na kusini wakapatana.
Nyuma yake, ubavuni mwa msikiti usio paa,
pakabaki duara hafifu,
pale pale ambapo wiki iliyopita
uvutano ulipungua kwa kiasi cha kupepesa.
Pengo. Pango la matumbawe, labda, lenye maji matamu.
Labda birika la watu waliohama. Labda kaburi.
Programu imenipa modeli sita, na zote zinakaa.

Kesho nitaiambia kamati: hapa,
lakini polepole, kwa mikono kwanza.
Mbwarali ndiye atakayeshika sururu.
Najua ataniuliza avue nini.
Sururu yenyewe ni chuma, nitamwambia.
Njoo ulivyo.