Feni ya Barabara ya Nane

Ilipofika nyuzi tisini na tatu
prosesa ndiyo iliyofika, si mimi,
ila shati langu lilitoa ushahidi uleule.
Makorora, Februari, saa nne za usiku:
bati limekunywa jua kutwa, sasa linalitema
juu ya chandarua, juu ya kitanda,
juu ya kompyuta niliyoiunga mwenyewe
kipande kwa kipande, mshahara kwa mshahara.
Madabodi ya mtumba, memori ya mkopo,
kasha lililostaafu benki,
namba ya mali bado ubavuni, kwa rangi nyeupe.

Feni iliyokuja na prosesa ni kijisahani tu.
Nikifungua ramani ya viwanja vya Pongwe,
mipaka, bikoni, njia za maji,
inaanza kunguruma.
Debe tupu haliachi kuvuma, tuliambiwa.
Hili halikuwa tupu. Lilizidiwa.
Mshale ukaganda katikati ya shamba la mtu.

Mwanakombo akageuka kitandani:
"Hicho kidubwasha chako kinasaga nini usiku huu?"
Hilali, miezi saba, hakugutuka hata ukope.

Jumamosi nikaenda kwa Hashil, Barabara ya Nane,
duka lenye upana wa mlango wake.
Akaanza na mnara: mapezi ya alumini, mirija sita ya shaba,
uzito wa kilo moja ya sukari,
bei ya kilo arobaini.
Nikatoa futi niliyoazima kwa shemeji, fundi cherehani.
Sentimita kumi na sita na ushei.
Kasha langu linameza kumi na tano, basi.
"Si uache ubavu wazi," Hashil akasema, "upepo uingie."
Upepo wa Tanga, nikamwambia, hauji mikono mitupu,
huja na chumvi.
Kaziulize bawaba za mlango wangu.

Akashusha nyingine, yenye taa:
nyekundu, buluu, kijani, zinakimbizana kama harusini.
Inapoza?
"Inapendeza," akanijibu.
Nilimheshimu kwa hilo.

Kisha, chini ya kaunta, ndani ya boksi lisilo na kifuniko,
feni bapa, mapanga tisa mapana,
imetolewa kwenye studio ya picha iliyofilisika.
Elfu hamsini na tano.
Rahisi huvunja upishi, nikawaza,
naye akaona ninavyowaza,
akaiunga kwenye betri bila neno.
Nikatega sikio.
Nikasikia bodaboda.
Nikasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake,
na mtu, mtaa wa pili, akidai chenji.
Feni sikuisikia.

Usiku nikafuta grisi kuukuu, imekauka kama ukoko,
kwa spiriti na kipande cha kanga ya Mwanakombo
(tulikubaliana kipande kipi).
Grisi mpya, tone la ukubwa wa choroko.
Skrubu nne, nikizikaza kwa mshazari,
nusu mzunguko huku, nusu kule,
kama mtu anayepatanisha ndugu
asitake kuonekana ana upande.
Nikawasha.
Nyuzi hamsini na nane. Sitini na moja. Hapo hapo.
Pongwe yote ikafunguka, kiwanja kwa kiwanja,
na chumba kikawa kimya
kiasi cha kusikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani imekufa.

Ndipo Hilali akaamka.
Akalia hadi saa saba. Akanyonya, akalia.
Akabebwa, akaimbiwa, akalia.
Mwanakombo ndiye aliyeng'amua:
"Mtoto huyu kazaliwa mashine inanguruma.
Umemnyang'anya usiku wake."

Nikakiokota kijisahani kwenye ndoo ya taka,
nikakifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha,
nikakipa volti kumi na mbili za chaja ya zamani.
Kikanguruma.
Ukope ukashuka. Ngumi ikafunguka.

Asubuhi, ujumbe wa Hashil:
Vipi kaka, feni ina kelele?
Nimekaa na simu mkononi.
Sijui ananiuliza ipi.